Jina la Zakayo: Asili, Uenezi na Usomaji wa Nusu Kisa

Utangulizi

Miongoni mwa majina ya kiume yenye asili ya Kiebrania yanayotumiwa nchini Kenya, Zakayo ni jina lenye historia ya pekee. Katika Biblia ya Kiebrania hujitokeza mara chache mno, tena ndani ya orodha za watu. Katika Agano Jipya ni jina la mtu mmoja tu, katika kisa kimoja chenye aya kumi, ndani ya Injili moja. Katika nchi za Ulaya halikuwahi kufikia umaarufu wa Yohana, Yakobo wala Zakaria. Hata hivyo, katika Afrika Mashariki hakuna haja ya kumfafanulia mtu Zakayo ni nani. Mtoto wa shule ya Jumapili hulijua jina hilo kabla hajaweza kulisoma, na tangu mwaka wa 2023 limekuwa likitamkwa jukwaani, mimbarini na barabarani kwa uzito ambao halikuwa nao hapo awali.

Makala haya yanachunguza asili ya jina hilo, njia iliyolifikisha katika Kiswahili, sababu za kukubalika kwake, na mabadiliko yaliyolipata lilipogeuzwa kuwa lakabu ya kisiasa. Hoja inayotetewa ni kwamba maana ya jina hili haikutokana na etimolojia yake bali na kisa kilicholibeba, na kwamba kisa chenyewe kimekuwa kikisomwa nusu. Wanaolitumia kukejeli husimama katika nusu ya kwanza. Wanaolitetea hurukia tamati. Pande zote mbili hupita kimya aya ya nane, ambayo ndiyo kiini cha kisa.

Katika uchanganuzi huu istilahi mbili za uhakiki wa Kiswahili zitakuwa na umuhimu. Ya kwanza ni majazi, yaani mbinu ya mtunzi ya kumpa mhusika jina linaloafiki tabia au hatima yake. Ya pili ni lakabu, yaani jina la kupanga ambalo mtu hupewa na wengine, au hujipa mwenyewe, kutokana na sifa fulani. Majazi ni kazi ya mtunzi. Lakabu aghalabu ni kazi ya jamii. Historia ya jina la Zakayo ni historia ya kuvuka kutoka uwanja wa kwanza hadi wa pili.

Asili na maana

Umbo la Kiebrania la jina hili ni Zakkai, ambalo katika Biblia ya Kiswahili limeandikwa Zakai. Linapatikana katika Ezra 2:9 na Nehemia 7:14, ambapo wazao wa Zakai waliorejea kutoka uhamisho wa Babeli wanahesabiwa kuwa 760. Aidha, katika Nehemia 3:20, baba yake Baruku ameandikwa kwa herufi zinazosomeka Zabai, lakini mapokeo ya usomaji ya Kiyahudi yanaelekeza kwamba asomwe Zakai. Herufi mbili za Kiebrania zinazohusika hufanana sana kwa umbo, na yamkini mkono wa mnakili ndio uliozichanganya. Jina lenyewe, basi, lilikuwa adimu kiasi cha kuweza kusomwa vibaya hata na waliolihifadhi.

Kuhusu maana, wataalamu wengi hulihusisha na mzizi wa Kiebrania na Kiaramu unaobeba dhana ya usafi na kutokuwa na hatia. Wapo pia waliolitazama kama ufupisho wa Zakaria, jina linalotokana na mzizi mwingine kabisa wenye maana ya kukumbuka. Maelezo ya kwanza yana nguvu zaidi kwa sababu neno zakkai liliendelea kuishi kama neno la kawaida. Katika Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka wa 200, zakkai ni neno la mahakamani: ndilo linalotumiwa kumtaja mshtakiwa aliyeonekana hana hatia. Kwa hiyo anayeitwa Zakkai anabeba katika jina lake hukumu ya kuachiliwa huru.

Mwenye jina hilo aliyekumbukwa zaidi katika mapokeo ya Kiyahudi ni baba yake Yohanani bin Zakai, mwalimu wa sheria wa karne ya kwanza. Mapokeo yanasimulia kuwa Yerusalemu ulipozingirwa na jeshi la Waroma, kabla ya hekalu kuteketezwa mwaka wa 70, wanafunzi wake walimtoa mjini ndani ya jeneza, naye akaomba aruhusiwe kuendeleza mafunzo katika mji wa Yavne. Hata hivyo, umaarufu huo ulikuwa wa mwana. Baba alibaki jina tu.

Mzizi huo haukuishia katika Kiebrania na Kiaramu. Katika Kiarabu, lugha ya jamii hiyo hiyo ya Kisemiti, upo mzizi ulio na nasaba nao, unaochanganya dhana za usafi na kustawi. Humo mlitoka jina la kiume Zaki na la kike Zakia, ambalo ni la kawaida katika mwambao wa Afrika Mashariki. Katika Sura ya Maryamu, malaika anapomletea Maryamu habari za mwana, sifa anayompa mwana huyo inatokana na mzizi huo: ni mtoto aliyetakasika. Isitoshe, ndio mzizi wa neno zaka. Katika Uislamu zaka ni fungu la mali linalotolewa kwa ajili ya wanaostahiki, kwa kiwango cha asilimia 2.5 ya fedha iliyotimiza masharti, na kutoa huko hufahamika kuwa ni kuitakasa mali na mwenyewe. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili nao walilichukua neno hilo kutajia fungu la kumi.

Msomaji wa Kiswahili, kwa hiyo, anayo bahati ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Lugha yake ina Zakayo, Zakia na zaka, maneno matatu yaliyoingia kwa njia tofauti na katika nyakati tofauti, nayo yanakutana katika mzizi mmoja. Mtoza ushuru wa Yeriko na zaka inayotakasa mali ni ndugu wa lugha.

Zakayo katika Injili ya Luka

Kisa cha Zakayo kinapatikana katika Luka 19:1-10 peke yake. Yesu anapita Yeriko. Zakayo, mtu tajiri na mkuu wa watoza ushuru, anataka kumwona lakini ni mfupi, na umati umemzuia. Anatangulia mbio, anapanda mkuyu. Yesu anafika, anatazama juu, anamwita kwa jina, anamwamuru ashuke kwa kuwa siku hiyo ni lazima ashinde nyumbani mwake. Umati unanung'unika kwamba ameingia kwa mwenye dhambi. Zakayo anasimama na kutamka habari za nusu ya mali yake kwa maskini, na malipo ya mara nne kwa yeyote aliyemdhulumu. Yesu anatangaza wokovu katika nyumba hiyo.

Mpangilio wa Luka unastahili kuzingatiwa. Katika sura inayotangulia kuna mfano wa Farisayo na mtoza ushuru waliokwenda kusali: Farisayo anajivunia kwamba hutoa zaka ya mapato yake yote, naye mtoza ushuru, asiye na la kujivunia, ndiye anayerudi kwake amehesabiwa haki. Baadaye anakuja mkuu mmoja tajiri anayeambiwa auze alivyo navyo awape maskini, naye anahuzunika. Halafu, karibu na Yeriko, kipofu anazuiwa na umati asimwite Yesu. Zakayo anaikusanya mikondo yote hii: ni mtoza ushuru kama yule wa mfano, ni tajiri kama yule mkuu, na umati umemkinga asione kama yule kipofu. Kinachomtofautisha na tajiri wa awali ni kwamba mali yake inaondoka mikononi mwake.

Je, jina lake ni majazi? Swali hili halina jibu jepesi. Luka anajua kufasiri majina anapotaka. Katika Matendo ya Mitume anaeleza maana ya Barnaba, na anaeleza kuwa Tabitha ndiye Dorkasi. Kuhusu Zakayo hasemi lolote, ingawa wasomaji wake wa Kiyunani wasingetambua wenyewe maana ya jina hilo. Kwa hivyo haiwezi kudaiwa kwa yakini kwamba alilikusudia. Linaloweza kudaiwa ni kwamba kwa hadhira iliyojua Kiaramu, kinaya hakikuweza kujificha: mtu ambaye umati unamwita mwenye dhambi anaitwa, kwa jina lake mwenyewe, asiye na hatia. Yesu anapomwita kwa jina chini ya mti, anatamka hukumu ambayo itathibitishwa nyumbani.

Kinaya hicho kinazidishwa na suala la sarufi ambalo limewagawa wafafanuzi kwa muda mrefu. Katika aya ya nane, vitenzi vya Kiyunani vya kutoa na kurudisha viko katika wakati uliopo. Wapo wanaovisoma kama azimio: Zakayo ameguswa, na kuanzia sasa atatoa. Wapo wanaovisoma kama maelezo ya desturi: Zakayo anajibu manung'uniko kwa kueleza anavyoishi siku zote. Tafsiri kadhaa za Kiingereza zimeamua kwa niaba ya msomaji na kuweka wakati ujao. Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya muungano, ambayo Agano Jipya lake lilitoka 1950 na Biblia nzima 1952, imetumia wakati uliopo na hivyo kuhifadhi utata wa matini asilia.

Tofauti ya tafsiri hizo mbili si ndogo. Kwa mujibu wa ile ya kwanza, Zakayo alikuwa mchafu akatakasika, na jina lake likawa kweli siku hiyo. Kwa mujibu wa ile ya pili, jina lilikuwa kweli tangu awali, na mwenye kosa ni umati uliohukumu mtu kwa kazi yake. Lakini katika tafsiri zote mbili jambo moja halibadiliki: ushahidi wa usafi wake ni mali inayorudi. Kiwango anachokitaja pia ni kikali. Katika Hesabu 5:7, anayekiri kosa hurudisha alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Malipo ya mara nne yanatajwa katika Kutoka 22:1 kwa mtu aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza. Zakayo anajipimia kipimo cha mwizi.

Kutoka Kiyunani hadi Kiswahili

Umbo la Kiyunani ni Zakchaios, na lilikuwako kabla ya Luka: katika 2 Wamakabayo 10:19 anatajwa mmoja wa makamanda wa Yuda Makabayo mwenye jina hilo. Baada ya Luka, masimulizi ya Wakristo wa mwanzo hayakukubali kumwachia Zakayo aya kumi tu. Maandiko yanayohusishwa na Klementi wa Roma yanasimulia kuwa Petro alimweka kuwa askofu wa Kaisaria. Klementi wa Aleksandria anataja rai ya waliomchanganya na Mathia, aliyechaguliwa kuchukua nafasi ya Yuda. Katika kusini-magharibi mwa Ufaransa, mapokeo ya Rocamadour yalimfanya kuwa ndiye mtawa Amadour aliyezikwa huko. Injili ya Utotoni ya Tomaso, nayo, ina mwalimu aitwaye Zakayo ambaye anashindwa na mtoto Yesu katika somo la herufi ya kwanza.

Pamoja na masimulizi yote hayo, jina halikuenea sana Ulaya. Zama za kati zilipendelea majina ya watakatifu waliokuwa na sikukuu kubwa na makanisa yao. Baada ya mageuzi ya kidini ya karne ya 16, Waprotestanti wa Uingereza na baadaye wa makoloni ya Marekani walianza kuchota majina moja kwa moja kutoka kurasa za Biblia, na hapo Zacchaeus likapata wenyewe. Hata hivyo lilibaki jina la wachache, huku Zakaria na ufupisho wake likitamalaki.

Kwa nini basi likubalike Afrika Mashariki? Sababu ya kwanza ni ya kifonolojia. Majina ya Kiyunani yanayoishia kwa -aios yaliingia katika Kiswahili kwa kiishio -ayo: Mathayo, Alfayo, Bartholomayo, Zebedayo, Zakayo. Kiishio hiki kinaafikiana na mfumo wa silabi wazi, hakihitaji kurekebishwa na mzungumzaji, na kinalifanya jina la Luka liwe jepesi kuliko Zacchaeus la Kiingereza. Mchakato huo pia umelificha jina moja ndani ya maumbo mawili. Zakai wa Ezra aliingia Kiswahili kwa njia ya Kiebrania, Zakayo wa Luka kwa njia ya Kiyunani, na msomaji wa kawaida hana sababu ya kudhani kuwa ni jina lile lile. Ndivyo ilivyo kwa Yoshua na Yesu, ambao katika Kiebrania ni jina moja. Anayelikumbuka hilo huona jambo jingine katika kisa cha Yeriko: kwa mara ya pili mwenye jina la Yoshua anafika katika mji huo, na kwa mara ya pili nyumba inayookoka ni ya mtu aliyedharauliwa. Mara ya kwanza ilikuwa nyumba ya Rahabu.

Jina la ubatizo

Sababu ya pili ya kukubalika ni ya kimandhari. Mti wa kisa hiki, ambao kitaalamu huitwa Ficus sycomorus, si mgeni kama mizeituni na mierezi. Unaota kandokando ya mito katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na neno la Kiswahili, mkuyu, lilikuwapo kabla ya wafasiri kulihitaji. Wagikuyu huuita mũkũyũ, na maelezo yaliyozoeleka ya jina la jamii yao hulihusisha na mti huo. Matawi yake huanza chini na kutanda, hivyo hata mtu mfupi anaweza kuupanda. Msikilizaji wa Murang'a au Kitui hakuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa ili aione taswira ya Zakayo akiparamia shina.

Sababu ya tatu ni ya kihistoria. Utawala wa kikoloni ulianza kutoza kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka wa 1910 sheria ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasiolipa ile ya nyumba. Kodi ililipwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kibarua. Hilo lilikuwa miongoni mwa makusudio ya kodi yenyewe. Waliokwenda vijijini kuikusanya mara nyingi walikuwa machifu na wazee wa vijiji, yaani wenyeji waliofanya kazi ya mgeni, kama Zakayo alivyofanya kazi katika mfumo wa Waroma. Katika miaka hiyo hiyo misheni zilikuwa zikifundisha kusoma kwa kutumia Injili, na mbatizwa akichagua au akichaguliwa jina jipya. Hadhira hiyo ilijua mtoza ushuru ni mtu gani. Kisa cha mtoza ushuru aliyerudisha mara nne hakikuwa kwake habari za kale. Kilikuwa habari za jambo ambalo halikuwa limetokea.

Sababu ya nne ni wimbo. Nyimbo za watoto kuhusu Zakayo, zinazoimbwa pamoja na ishara za mikono za kupanda na kushuka, zimelikita jina hili katika kumbukumbu za vizazi. Fasihi simulizi ya shule ya Jumapili ina uwezo mkubwa wa kuhifadhi, lakini pia huchagua cha kuhifadhi. Kinachotendeka kwa mikono hubaki: ufupi, mti, kupanda, kushuka. Nusu ya mali na malipo ya mara nne havina ishara ya mkono, navyo hufifia. Usomaji wa nusu kisa unaojadiliwa katika makala haya una chimbuko lake hapo, katika utoto wa wasomaji wenyewe.

Kwa njia hizo jina likapata wenyewe katika jamii nyingi za Kenya na kwingineko, mara nyingi kwa sura mbili: Zacchaeus katika hati rasmi za Kiingereza, Zakayo nyumbani na kanisani. Zacchaeus Chesoni alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya kati ya 1997 na 1999. Jina ambalo katika Mishna lilikuwa neno la mahakamani likawa limerudi mahakamani bila kukusudiwa. Nchini Uganda, sokwe mzee aliyetunzwa katika kituo cha wanyamapori cha Entebbe, aliyekufa mwaka wa 2018 akikadiriwa kuwa na miaka 54, aliitwa Zakayo, na jina hilo likajulikana kwa watalii wengi kuliko lilivyopata kujulikana kwa wasomi. Katika matumizi yote haya hakukuwa na kejeli. Zakayo lilikuwa jina la heshima, lenye ladha ya Biblia na ya nyumbani kwa pamoja.

Kutoka jina hadi lakabu

Mnamo Juni 2023 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Fedha ya 2023. Miongoni mwa mengine, sheria hiyo ilipandisha kodi ya thamani ya ziada kwa bidhaa za mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na kuanzisha tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Katika mjadala wa wakati huo Wakenya wakampa Rais lakabu ya Zakayo. Yeye mwenyewe aliitaja hadharani na kuichukulia kwa mzaha. Mwaka uliofuata, Mswada wa Fedha wa 2024 ulizua maandamano yaliyoongozwa na vijana, na mwito wa Zakayo kushuka ukawa miongoni mwa miito yao. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu waliuawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais alitangaza kuwa hatautia saini mswada huo.

Kwa upande wa mtindo, lakabu hii ina ufanisi wa kipekee. Inatumia matini inayojulikana na wote, hivyo haihitaji maelezo. Kitenzi chake kimoja kina maana tatu: kushuka kutoka mtini, kushusha kodi, na kushuka kutoka madarakani. Inaafikiana na hekima kongwe ya Kiswahili inayosema kwamba aliye juu mngoje chini. Aidha, inawaweka waandamanaji mahali pa kushangaza. Katika Luka, anayeamuru Zakayo ashuke ni Yesu, huku umati ukinung'unika. Barabarani Nairobi, umati umejitwalia sauti ya Yesu.

Hapo ndipo usomaji wa nusu unapodhihirika. Amri ya kushuka katika Luka imeambatana na ombi la kukaribishwa. Anayeitwa hushuka kwa furaha kwa sababu anapata mgeni. Mwito wa barabarani umeikata amri hiyo katikati. Vilevile umelibadilisha jina kuwa nomino ya kawaida yenye maana ya mtoza kodi mkali, kama vile jina la Tomaso lilivyogeuka kuwa neno la mtu mwenye shaka. Tomaso naye aliamini kabla kisa chake hakijakwisha, lakini lugha imemshika pale alipotia shaka.

Hata hivyo itakuwa kosa kwa mhakiki kuwalaumu wenye lakabu peke yao. Upo utetezi mwepesi unaosema kwamba Zakayo ni mfano mwema, kwa kuwa aliitwa, akaokoka, nyumba yake ikabarikiwa. Utetezi huo pia ni nusu ya kisa. Unaanzia aya ya tano na kurukia aya ya tisa. Unachokiruka ni hesabu: nusu kwa maskini, mara nne kwa waliodhulumiwa. Katika matini ya Luka wokovu hautangazwi Zakayo anaposhuka, wala mgeni anapoingia ndani. Unatangazwa baada ya tamko la mali. Atakayelikubali jina hili kama sifa amelikubali pamoja na hesabu hiyo.

Kwa mtazamo huo, lakabu ya Zakayo ni nzito kuliko walivyokusudia walioitunga. Kama matusi, ni hafifu, kwa sababu inamlinganisha mtu na mhusika ambaye mwisho wake ni mwema. Kama dai, ni nzito, kwa sababu inataja kipimo. Jamii iliyomwita kiongozi wake Zakayo imemwekea, pengine bila kujua, sharti la aya ya nane.

Hitimisho

Suala linalobakia ni hatima ya jina lenyewe. Historia ya majina inaonyesha kwamba kisa kinaweza kuliua jina jema. Yuda ni jina la Kiebrania lenye kuhusishwa na sifa na shukrani, na lilikuwa la kawaida miongoni mwa Wayahudi wa karne ya kwanza. Luka mwenyewe anataja mitume wawili walioitwa hivyo. Baada ya usaliti wa mmoja, Wakristo wengi waliliepuka. Waingereza walijaribu kulinusuru kwa kuligawa, wakamwita msaliti Judas na mwandishi wa waraka Jude. Kiswahili hakikufanya mgawo huo, na wote wakabaki Yuda.

Zakayo hajasaliti mtu. Kisa chake ni cha mtu aliyerudisha. Ikiwa jina lake litaepukwa na wazazi kwa sababu ya lakabu ya miaka michache, litakuwa limeangamizwa na nusu ya kisa chake, jambo ambalo Yuda hawezi kulalamikia. Wapo wanafunzi, wazee wa kanisa na wafanyakazi wanaoitwa Zakayo ambao hawana kodi waliyoitoza, nao hubeba dhihaka isiyowahusu. Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani, lakini nuru hiyo huhitaji wasomaji.

Wajibu wa mhakiki wa fasihi katika jambo hili ni wa kawaida kabisa, nao ni kusoma matini hadi mwisho. Anayefundisha majazi na lakabu darasani anao hapa mfano ambao wanafunzi wake tayari wanaujua kwa wimbo. Anachohitaji ni kuwarudisha kwenye aya ya nane, na kuwakumbusha kwamba jina wanalolipigia kelele lina nasaba na zaka, na kwamba katika lugha lilikotoka huitwa hivyo mtu ambaye mahakama imemwona hana hatia. Katika kisa cha Luka, ushahidi ulioifanya hukumu hiyo iwezekane ulikuwa mali iliyorudi kwa wenyewe.